Lamu hadi Mtwara kwa Mita Milioni Moja

Maneno haya niliyasema mbele ya wasemaji wa Kiswahili waliokutana Lowell, Massachusetts, jioni moja ya mwezi Mei. Nimeyaandika upya kwa ajili ya waliokuwa zamu.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na jamaa, assalamu alaykum, Bwana asifiwe, na ambaye salamu hizo mbili hazikumfikia, hujambo.

Nimeombwa nieleze ile kazi tuliyokuwa tukiifanya majira ya baridi. Baadhi yenu mliiona ramani kwenye simu za watu, na wengine mmesikia tu kwamba kuna wenzetu wanakwenda Mtwara kwa mashine ya kupiga kasia. Ni kweli. Tulikuwa watu 17. Tuliondoka Lamu tarehe 2 Januari, tukatia nanga Mtwara tarehe 4 Aprili, siku 93, na katika siku zote hizo hakuna aliyetoka mji huu ila kwenda kibaruani na kurudi.

Mimi ndiye niliyeshika daftari. Kwa hiyo nitakayoyasema ni ya daftari. Mwenye kutaka habari za misuli na mapigo ya moyo amuulize kijana wetu yule dereva wa malori, anazijua kuliko mimi.

Nianze na mgongo wangu. Wengi hapa tunafanya kazi moja, ya kuwatunza wazee majumbani. Unamwinua mtu kitandani, unamkalisha, unamwosha, unamlaza, halafu unakwenda nyumba ya pili. Mwaka wa sita mgongo ulinigomea. Nilipofika kwa mtaalamu wa viungo aliniangalia nikiinua boksi, akaniambia mgongo haukuwa na kosa, kosa lilikuwa la miguu kukaa bure huku mgongo ukifanya kazi yake na yao. Akanipeleka pembeni penye mashine ya kupiga kasia, akanikalisha, akasema: sukuma kwa miguu kwanza. Mimi mtoto wa mvuvi wa Tanga, nimekuja kufundishwa kasia na mtu ambaye pengine hajawahi kuiona ngalawa. Nikasukuma. Mita 500 zilinichukua dakika tatu na sekunde 40, na niliposhuka nilishika ukuta.

Kwa wasioijua, mashine hii ni reli ndefu iliyolala chini, juu yake kiti kidogo kinachoteleza mbele na nyuma. Miguu inafungwa kwa mikanda. Kule mbele kuna gurudumu lenye mapanga ya feni ndani ya kizimba chake, na mnyororo unaotoka humo umeungwa kwenye mpini unaoushika kwa mikono miwili. Ukivuta, gurudumu linazunguka na kukata hewa, na hiyo hewa ndiyo mzigo wako. Ukivuta kwa nguvu inakuwa nzito, ukivuta taratibu inakuwa nyepesi. Ndiyo maana bibi na mjukuu wanaweza kuitumia mashine moja bila kubadilisha kitu.

Iliyoenea zaidi kati ya mashine hizi inatoka kwa jirani zetu wa Vermont. Ndugu wawili wapiga kasia, Dick na Pete Dreissigacker, walianza mwaka 1976 kwa kutengeneza makasia. Kisha wakachukua baiskeli, wakaipigilia misumari sakafuni, wakakaa wakivuta mnyororo wake. Mwaka 1981 wakaanza kuuza mashine yao ya kwanza. Kilichowasukuma wapiga kasia wa huku kuingia ndani ni baridi. Mto Charles kule Boston na huu wetu Merrimack huganda, na mwenye timu ya makasia hawezi kukaa tangu Desemba hadi Machi akingoja barafu iyeyuke. Miaka ile ile wapiga kasia wa Boston wakaanzisha mashindano ya ndani yanayoitwa CRASH-B, ambayo mshindi wake hupewa nyundo. Leo watu wa mchezo huu wanashindana mita 2,000, na mwaka 2021, dunia ilipojifungia kwa sababu ya korona, mashindano yao ya dunia yalifanywa kwa mtandao, kila mtu akiwa kwake.

Nimeitaja barafu makusudi. Hiyo hiyo inayowafungia wapiga kasia ndani ndiyo inayotufungia sisi. Mnajua Januari ya hapa. Unatoka giza, unarudi giza. Jirani yako Mkenya unayekaa naye jengo moja mnaweza kumaliza wiki tano hamjaonana. Huko nyumbani mtu akiwa mgonjwa utajua kwa sababu mlango wake haukufunguliwa asubuhi. Hapa milango yote imefungwa, mzima na mgonjwa, na huwezi kujua yupi ni yupi.

Safari hii ilitokana na hilo. Kanisa moja lilitupa chumba cha chini, tukachanga tukanunua mashine mbili za mitumba. Wenye jimu karibu na kazini walitumia za huko. Lakini mashine peke yake haikumtoa mtu kitandani. Wiki ya kwanza ya Desemba walikuja tisa, wiki ya tatu tulikuwa watatu. Kukaa kwenye kiti ukavuta mnyororo ukiangalia ukuta ni kazi ya upweke, lazima niseme ukweli. Waamerika wameligundua hilo zamani, na waliotengeneza mashine wana daftari la mtandaoni ambamo kila mtu huandika mita zake, na ukifikisha milioni moja katika maisha yako unahesabiwa miongoni mwa watu wa milioni. Kila Januari wana shindano la timu, watu wa miji mbalimbali wanaunganisha mita zao. Tukasema, sisi tutaunganisha zetu, lakini kuna mahali tutakuwa tunakwenda.

Wapi? Hapo palikuwa na mabishano ya jioni nzima. Mtu wa Nakuru alitaka tuzunguke Ziwa Victoria. Mwingine alitaka Mombasa hadi Maskati, njia ya majahazi. Mwishoni tulichukua ramani tukapima pwani yetu kituo kwa kituo: Lamu, Malindi, Mombasa, Tanga, Pangani, kisha tukatize hadi Unguja, turudi bara Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, na mwisho Mtwara. Ilikuja kama kilomita 1,000. Mtu akasema kwa sauti: hiyo ni mita milioni moja. Chumba kikanyamaza. Ile milioni ambayo mtu mmoja huikusanya kwa miaka, pwani yetu ina urefu wake. Na Januari ni kaskazi, upepo unaotoka Lamu kwenda kusini. Tungeondoka na upepo nyuma yetu kama mabaharia wote waliotutangulia.

Basi tukafungua daftari. Ni jedwali tu la kwenye simu, wote 17 tunaliona, na hakuna mwingine anayeliona. Nilipanga safu: tarehe, jina, mita, muda. Halafu, sijui ni nini kilichonituma, nikaongeza safu moja mwishoni nikaiita "Neno". Niliwaambia, ukiandika mita zako andika na neno, lolote, fupi.

Ndugu zangu, kama kuna jambo moja ninalotaka mlichukue jioni hii, ni hiyo safu.

Siku za kwanza waliandika mambo ya mashine. "Nimechoka." "Nzito." "Leo afadhali." Wiki ya pili nikaona mtu ameandika: "Nimetoka zamu ya usiku, nimepiga kabla ya kulala ili nisifikiri." Nikakaa na simu mkononi. Namjua yule mama kwa miaka minne, tumekula pamoja sikukuu, na sikuwahi kujua kwamba anaogopa kulala. Siku iliyofuata mwingine akaandika chini yake mita 3,000 na neno: "Nami pia." Basi. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyempa nasaha. Wakawa wanapiga wote alfajiri, kila mmoja kwake.

Wengine waliandika: "Mtoto ana homa." "Karatasi za uhamiaji zimejibiwa, alhamdulillahi." "Mita 700 tu, goti." "Mume wangu amenisindikiza leo, amepiga 400, naomba zihesabiwe." Tukazihesabu. "Theluji imefunika gari." "Nimemkumbuka mama." Kuna aliyeandika kila siku jina la samaki, leo changu, kesho kolekole, kesho kutwa nguru, na hadi leo sijui kwa nini, ila nilikuwa nangoja.

Mtu wa pwani haingii nyumba ya mwenziwe bila kupiga hodi, na mwenye nyumba haachi hodi bila kuitika. Kwangu mimi zile mita zilikuwa hodi. Mtu mzima na heshima zake hawezi kutuma ujumbe kwa watu 16 kusema "nina huzuni". Lakini anaweza kuandika "mita 2,000", na huzuni ikapita mlangoni pamoja nazo.

Sasa niseme la wenye nguvu na wasio na nguvu, kwa sababu lilituletea mvutano. Yule kijana wetu dereva alitaka tuweke orodha ya nani amepiga mita nyingi, wa kwanza hadi wa 17. Alikuwa na nia njema, michezoni ndivyo inavyokuwa. Nikakataa, na nitawaambia kwa nini, kwa hesabu ya mashine yenyewe. Katika mashine hii mwendo ukiongezeka, nguvu inayotakiwa inapanda zaidi ya unavyodhani: ni mwendo zidisha mwendo zidisha mwendo. Mtu anayepiga mita 500 kwa dakika mbili na nusu anatoa kama wati 104. Anayezipiga kwa dakika mbili kamili anatoa kama wati 203, karibu maradufu. Wakae wote nusu saa. Wa kwanza atapata mita 6,000, wa pili 7,500. Nguvu mara mbili, mita robo zaidi. Kwa mashindano hiyo robo ni kila kitu. Kwa safari, anayefikisha chombo ni yule anayekaa kitini kila siku.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tuna mama wa miaka 61 kati yetu, mwendo wake dakika tatu na sekunde kumi kwa mita 500, haharakishwi na mtu. Katika siku 93 alikosa nne. Kijana alipoona hesabu ya mwisho wa Januari aliacha mwenyewe kudai orodha, akawa anampitia yule mama kwa gari jioni kumleta chumbani.

Kwa watakaoanza, na naona mikono imeinuka nyuma, nipitie haraka. Miguu, kisha kiwiliwili, kisha mikono. Kurudi, kinyume chake: mikono, kiwiliwili, miguu. Wanaume mnaanza kwa mikono, acheni. Pembeni mwa gurudumu kuna kitasa chenye namba 1 hadi 10, na kila anayeingia anakiweka 10 akidhani ndiyo uanaume. Kinaachia hewa tu, kama kuchagua kati ya mashua nyepesi na jahazi lililojaa boriti. Weka 3, 4 au 5. Mashine yenyewe inapima katika kila mvuto jinsi gurudumu linavyopungua kasi, kwa hiyo mita zako ni za haki popote ulipokiweka. Rudi mbele polepole kuliko ulivyosukuma. Mengine utajifunza ukiwa juu.

Nirudi kwenye safari. Malindi tulifika katikati ya Januari. Mmoja wetu mwalimu alituandikia pale kwamba Vasco da Gama alitua hapo Aprili 1498 na akapata rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na ndiyo maana mnara wake uko pale hadi leo. Mombasa tulisimama siku nzima kwa heshima ya wenyeji watatu tulionao, wakabishana kama tumepita Mtongwe au Likoni, nikawaacha.

Kisha ikaja Tanga.

Mama yangu yuko Sahare, ana miaka 78. Nilikuwa nimemweleza safari yetu mapema Januari nikidhani atasema tunapoteza muda. Hakusema hivyo. Aliuliza: "Mna tanga au makasia matupu?" Nikamwambia makasia matupu. Akasema, "Poleni." Tangu siku hiyo akawa ananitumia sauti kila asubuhi ya kwao, usiku wa huku: leo kaskazi imechachamaa, ngalawa zimebaki nchi kavu, leo bahari imetulia, pigeni. Wenzangu wakaanza kumngoja. Nilikuwa naandika habari yake juu kabisa ya daftari, na kuna watu ambao hawajawahi kuiona Bahari ya Hindi waliokuwa wakiangalia hali ya Sahare kabla ya kukaa kitini.

Tarehe 4 Februari nikamwambia tumeshaipita Moa, kesho tutapita kwako. Nikaomba daftarini kile kipande niachiwe mimi. Nilipiga mita 6,000, nyingi kuliko nilizowahi. Mnajua mpiga kasia hukaa ameipa mgongo safari yake. Anachokiona ni alikotoka. Nilikuwa chumba cha chini cha kanisa, theluji dirishani, na nilikuwa naiona Tanga ikisogea mbali. Nilipomaliza nikakuta sauti ya mama. Alikwenda ufukweni alfajiri na jirani yake, kwa sababu nimesema tunapita. Hakuongea. Ameshika simu tu, kuna mawimbi, kuna mtu anaburuta chombo mchangani. Dakika moja na sekunde chache. Baba yangu aliiburuta ngalawa yake kwenye mchanga ule ule kwa miaka 30. Katika safu ya Neno siku ile sikuandika kitu, niliiacha tupu, na wenzangu walielewa.

Unguja tulitua katikati ya Februari, nusu ya safari. Hapo lilitokea jambo ambalo mwenyewe ameniruhusu nilisimulie. Kaka mmoja anayefanya kazi ghalani alirudi saa nane usiku, akapiga mita zake 5,000, akaandika, akalala. Asubuhi tulipofungua ramani tuko Bagamoyo! Kutoka Unguja hadi Bagamoyo ni kama kilomita 45, na tumevuka usiku mmoja. Watu wakapiga vigelegele kwenye simu. Mimi nikaangalia safu ya mita: 50,000. Nikampigia. Alikuwa bado usingizini. Aliposikia alinyamaza, kisha akasema, "Dada, ni sifuri. Nimeongeza sifuri. Watasema nimeiba bahari."

Hakuna aliyesema hivyo. Tulirudisha chombo Unguja, tukavuka upya kwa siku nne. Lakini ilizaa hoja: kwamba kuanzia sasa kila mtu apige picha kioo cha mashine, aambatanishe, iwe ushahidi. Wengi walikubali. Mimi nilipinga, na nashukuru nilisikilizwa. Kila mmoja wetu hapa anaishi kwa kuonyesha ushahidi. Kazini tunagonga kadi tukiingia na tukitoka. Uhamiaji tunapeleka vyeti, alama za vidole, barua za mwenye nyumba. Nilisema, pawe na sehemu moja tu katika maisha yetu ya huku ambapo mtu akisema "nimefanya" tunamjibu "asante". Yule kaka tangu siku ile aliandika mita zake kwa tarakimu na kwa maneno, kama hundi ya benki: 5,000, elfu tano. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Bagamoyo tulifika kwa haki mwishoni mwa Februari, na hapo ndipo nimtaje mzee wetu. Hapendi kutajwa jina kwa hiyo sitalitaja. Ni mtu wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kule Kongo, na alikaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa hapa. Tulipofika Bagamoyo aliandika neno refu kwa mara ya kwanza. Aliandika kwamba Kiswahili cha kwao kiliondoka hapo kwa miguu, na misafara ya pembe na watu waliofungwa minyororo, kikafika Ujiji, kikavuka ziwa, na kwamba yeye sasa amekirudisha kwa maji. Watu wa pwani tuliokuwa tukikicheka Kiswahili chake tuliona haya, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kabla ya siku hiyo na baada yake neno lake lilikuwa moja. Kila alfajiri saa kumi na moja, mita 2,000, na neno: "Niko." Tangu tarehe 2 Januari. Niko. Niko. Niko. Ilifika mahali unafungua daftari kutazama lile neno kama unavyotazama kama kumekucha.

Tarehe 8 Machi hakuandika. Tulikuwa mkabala wa Mafia, karibu na midomo ya Rufiji. Tarehe 9 hakuandika. Tarehe 10 saa kumi na mbili asubuhi yule kijana dereva alinipigia akiwa barabarani New Hampshire: "Dada, mzee hayupo." Alikuwa na desturi ya kuangalia neno la mzee kabla ya kuwasha lori, na mimi, mshika daftari, nilikuwa nimeiona nafasi tupu siku mbili nikajiambia labda amechoka. Hilo bado linaniuma.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Tulikwenda watu wawili, tukagonga. Alifungua. Amevaa sare ya kazi. Dada yake mkubwa, aliyemlea, amefariki Kalemie, na amepata habari kwa simu tarehe 7 usiku. Alikuwa ameenda kazini siku zote tatu, akarudi, akakaa gizani. Hakumwambia mtu kwa sababu, alisema, hakujua aanzie kwa nani. Kisha akasema, "Niko tu, mama. Niko tu."

Tukaweka matanga. Nyumba ya vyumba viwili iliingia watu 40, Waislamu, Wakatoliki, Walokole, watu wa Kongo ambao hata yeye alikuwa hajui wanaishi mtaa wa tatu kutoka kwake. Wanawake walipika, wanaume walilala sebuleni naye usiku tatu. Zilichangwa fedha, zikatumwa Kalemie.

Na daftarini? Niliingia usiku wa kwanza nikakuta mtu ametangulia. Katika mstari wa mzee, mita 2,000, na katika safu ya muda kaandika waziwazi nani amezipiga. Katika safu ya Neno: "Yuko." Kesho yake mtu mwingine, mita 2,000: "Yuko." Siku tisa, watu tisa. Yule mama wa miaka 61 alichukua siku ya tano, na kwa mwendo wake 2,000 ni karibu dakika 13. Siku ya kumi, saa kumi na moja alfajiri, tuliona "Niko".

Kuna mzee mmoja aliniambia mwanzoni kabisa kwamba safari isiyokutoa ulipo haiwezi kuitwa safari. Yumo humu, na namheshimu, na alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi nilisafiri. Mwezi Desemba nilikuwa naishi karibu na watu 16, mwezi Aprili nilikuwa naishi nao.

Kilwa tuliipita kwa kasi, watu wamepata moto. Mwalimu wetu alituandikia habari za Ibn Battuta aliyefika pale mwaka 1331 na akausifu uzuri wa mji, lakini nakiri kwamba wiki ile nilikuwa nahesabu tu. Tarehe 4 Aprili zilibaki mita 1,000. Tukakutana chumbani wote waliokuwa na nafasi, 14, na watatu kwenye simu. Tulipokezana kiti, kila mtu mivuto michache. Sahare walisema kaskazi imekwisha, upepo unazungukazunguka, ni maleleji, fanyeni haraka kabla ya kusi. Mita 50 za mwisho alipiga yule kaka wa sifuri. Aliposimama aliuliza, "Niandike ngapi?" Tukamwambia aandike kwa maneno.

Sasa la safari ijayo, kisha niwaachie chakula. Tunaanza Jumamosi ya kwanza ya Juni. Ndugu zetu wa Burundi wameomba, na tumekubali, tushuke Ziwa Tanganyika, Bujumbura hadi Mpulungu kule Zambia, kama kilomita 670, tukigusa nchi zote nne za ziwa. Karatasi ya majina iko mezani karibu na birika la chai. Huhitaji mashine wala nguo maalumu. Chumba kiko wazi kuanzia saa kumi alfajiri, na mita 500 zinatosha kwa siku ya kwanza. Mama zangu mnaoogopa kutumia simu, nipigieni mniambie mita na neno, nitawaandikia mimi.

Mzee ameomba kile kipande cha kuingia Kalemie akipige peke yake. Tumemwachia.